Mistari Minne ya Pumzi

Charles MacMunn alikuwa daktari wa kawaida katika mji wa viwanda wa Wolverhampton, Uingereza. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutibu wagonjwa. Muda uliobaki alipanda darini, juu ya zizi la farasi lililokuwa nyuma ya nyumba yake, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kuweka nyasi kavu, akachungulia vipande vya misuli kupitia spektroskopu. Hapo ndipo ilipokuwa maabara yake.

Spektroskopu inafanya kazi ile ile ambayo manyunyu hufanya jua linapowaka upande wa pili: inauchukua mwanga mweupe na kuutandaza uwe upinde wa mvua. Sasa, mwanga huo ukipita kwanza kwenye kitu chenye rangi, kitu hicho hula baadhi ya rangi za upinde, na pale zilipoliwa panabaki mistari ya giza. Kila dutu ina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Damu ilikwishajulikana kwa mistari yake tangu miaka ya 1860. Alichokiona MacMunn hakikuwa damu. Katika misuli na viungo vya wanyama wa kila namna, hata wadudu ambao damu yao haina wekundu wowote, aliona mistari minne iliyokaa mahali pale pale. Kati ya mwaka 1884 na 1886 alichapisha alichokiona, akakipa jina la histohematini, yaani rangi ya damu iliyomo ndani ya nyama yenyewe, na akasema kwamba kazi yake lazima iwe kupumua. Alikusudia kupumua kwa tishu, ambako hewa iliyokwisha kuingia mapafuni na kubebwa na damu inatumiwa hatimaye.

Wakati huo, kwa mambo ya rangi ya damu, mwenye neno alikuwa Felix Hoppe-Seyler wa Strasbourg. Ndiye aliyeipa himoglobini jina lake, na ndiye aliyeanzisha jarida la kemia ya viumbe ambalo wataalamu wote walilisoma. Mwanafunzi wake mmoja alirudia kazi ya MacMunn kwa misuli ya kifua cha njiwa na kutangaza kwamba hakuna rangi mpya. Kilichoonekana ni himoglobini iliyoharibika. MacMunn akajibu. Hoppe-Seyler akaichapa hoja yake, kisha mwaka 1890 akaongeza maneno yake mwenyewe kwamba haoni faida ya kuendelea na mjadala. Mhariri wa jarida na mpinzani wa daktari walikuwa mtu mmoja. Kesi ikafungwa.

Haki isemwe: MacMunn naye aliwapa wapinzani wake fimbo ya kumchapia. Alipojaribu kuitoa rangi yake kwenye nyama na kuisafisha, alichokipata mara nyingine kilikuwa kweli mabaki ya himoglobini. Alichokiona kikiwa ndani ya nyama kilikuwa sahihi, na alichokitoa nje kilikuwa na kasoro. Tofauti hiyo, kati ya kitu kikiwa mahali pake na kitu kikiwa ndani ya chupa, itarudi tena katika habari hii zaidi ya miaka mia moja baadaye. MacMunn alifariki mwaka 1911. Vitabu vya kufundishia vilikuwa vimeacha kulitaja jina lake.

Aliyeirudisha mistari hiyo alikuwa akitafuta kitu kingine. David Keilin alizaliwa Moscow mwaka 1887, akakulia Warsaw, akasoma Paris, na mwaka 1915 akafika Cambridge akiwa mtaalamu wa wadudu na vimelea. Alikuwa na pumu. Siwezi kuacha kulitaja hilo, ingawa halithibitishi chochote: mtu aliyetuonyesha jinsi seli inavyopumua, yeye mwenyewe pumzi ilimsumbua maisha yake yote.

Keilin alikuwa akichunguza nzi fulani ambaye funza wake huishi tumboni mwa farasi. Funza hao ni wekundu kwa sababu wana himoglobini, jambo lisilo la kawaida kwa wadudu. Nzi mkubwa, mwenye mabawa, hana. Keilin alitaka kujua himoglobini hiyo inakwenda wapi funza anapogeuka kuwa nzi. Akachukua misuli ya mabawa, akaiweka chini ya spektroskopu, na badala ya mistari miwili ya himoglobini akaona minne. Akajaribu wadudu wengine, ikawa ile ile. Akajaribu hamira, hamira ya kawaida ya waoka mikate, ambayo haina damu wala misuli wala mabawa. Mistari minne.

Kisha akafanya jambo ambalo mtoto yeyote angeweza kulifanya. Alikuwa na chupa ya hamira iliyokorogwa ndani ya maji, akaitikisa kwa nguvu ili hewa iingie, akachungulia tena. Mistari ilikuwa imetoweka. Akaendelea kutazama, chupa imetulia, na mbele ya macho yake mistari ikarudi mmoja baada ya mwingine. Hamira ilikuwa imeipokea oksijeni, rangi ikabadilika. Hamira ilipoimaliza oksijeni, rangi ikarudi kama awali. Alipotia sianidi, ile sumu ambayo muhogo mchungu unayo na ambayo bibi zetu waliitoa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika, hakuna kutikisa kulikoweza kuifuta mistari. Pumzi ilikuwa imezibwa mwishoni mwa njia.

Jaribio lake ninalolipenda kuliko yote ni la nondo wa nta, mdudu anayesumbua mizinga ya nyuki. Keilin alimkwangua nondo magamba ya kifuani, akamshikiza asiondoke, akapitisha mwanga kwenye misuli ya mabawa akiwa hai. Nondo akitulia, mistari ilififia. Akipiga mabawa ajinasue, mistari ilikolea. Kwa mara ya kwanza mtu alikaa kwenye kiti na kuangalia, kwa jicho lake, mnyama mzima akibadilisha mwendo wa upumuaji wa ndani ya seli zake kulingana na kazi aliyonayo. Katika makala yake ya mwaka 1925 Keilin aliiita rangi hiyo saitokromu, maana yake rangi ya seli, akaonyesha kwamba si moja bali ni tatu, a, b na c, na akaeleza wazi kwamba daktari wa Wolverhampton alikuwa ameiona kabla yake. MacMunn alikuwa amekufa miaka 14.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujenga njia yenyewe, nami nitaipita haraka kwa sababu imesimuliwa mara nyingi. Otto Warburg wa Berlin alitafuta kimeng'enya cha mwisho, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni, na akakitambua kwa ujanja wa kukiziba kwa hewa ya kaboni monoksidi kisha kukizibua kwa kukimulika. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1931 ilikuwa yake. Yeye na Keilin walibishana kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Eugene Kennedy na Albert Lehninger walionyesha kwamba kazi hiyo yote inafanyika ndani ya mitokondria, vile vijiumbo vyenye utando maradufu vilivyojaa ndani ya seli. Mwaka 1961 Peter Mitchell akaeleza faida ya mnyororo huo: elektroni zinapopita kutoka protini moja hadi nyingine, protoni husukumwa nje ya utando wa ndani, kama maji yanayopandishwa kwenye tangi, na zinaporudi kwa nguvu zake huzungusha kinu kinachotengeneza ATP, sarafu ambayo seli hununulia kila kitu. Alipopewa Nobel mwaka 1978, Mitchell aliliweka jina la Keilin kwenye kichwa cha hotuba yake.

Lakini nani anayeamua mwendo? Hilo ndilo swali la nondo, na kwa muda mrefu lilionekana kuwa limejibiwa. Mwaka 1955 Britton Chance na G. R. Williams walionyesha kwamba mitokondria iliyotengwa ndani ya chupa hupumua polepole mpaka upewe ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika. Mpe ADP, anakimbia. ADP ikiisha, anatulia. Ni kama jenereta ya dukani: ukiwasha friji inanguruma, ukizima inashusha sauti. Haihitaji kuambiwa na mtu, mzigo wenyewe ndio amri. Maelezo haya ni mazuri na ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba yalitosheleza kupita kiasi. Ikiwa mzigo unaongoza kila kitu, basi protini za mnyororo ni vyuma tu, na hakuna haja ya kuuliza kama kuna anayezisemesha.

Kwamba mwendo huo unaweza kupotea ndani ya mtu aliye hai, na ni nini hutokea ukipotea, kulionekana Stockholm. Rolf Luft na Lars Ernster, pamoja na wenzao, walieleza mwaka 1962 habari za mwanamke wa miaka 35 aliyekuwa akila sana na kubaki mwembamba, akinywa maji mengi, akilowa jasho bila sababu. Kila dalili ilielekeza kwenye tezi ya shingoni, ile ambayo homoni zake huharakisha mwili. Sehemu ya tezi ilikuwa imekwishaondolewa, na mwili wake bado ukaendelea kuunguza chakula kwa kasi isiyo na mfano. Walipochukua kipande cha msuli wake na kuitenga mitokondria, waliikuta inapumua kwa nguvu, iwe ADP ipo au haipo. Jenereta ilikuwa ikinguruma duka limefungwa. Huo ndio ugonjwa wa kwanza kujulikana kuwa chanzo chake ni mitokondria. Mwanamke huyo alikuwa amebeba hali hiyo tangu utotoni, na madaktari walikuwa wakitibu shingo.

Wakati huo huo, katika vyumba vingine vya sayansi, lugha ya seli ilikuwa ikifahamika. Mwaka 1955 Edmond Fischer na Edwin Krebs wa Seattle waligundua kwamba kimeng'enya cha msuli kinaweza kuwashwa kwa kubandikwa kikundi kidogo cha fosfati, na kuzimwa kwa kubanduliwa. Earl Sutherland akaeleza jinsi adrenalini, ikiwa imebaki nje ya mlango wa seli, inavyozalisha mjumbe ndani, AMP ya mviringo, ambaye ndiye anayekwenda kuamrisha. Vimeng'enya vinavyobandika fosfati vikaitwa kinasi, na idadi ya vinavyojulikana ikapanda mpaka mamia. Hofu, njaa, chakula kilichoingia, jeraha: kila habari ya mwili hatimaye huandikwa kwa fosfati juu ya protini fulani.

Je, maandishi hayo yanafika ndani ya mitokondria? Lester Reed na wenzake huko Texas walionyesha mwaka 1969 kwamba yanafika angalau mlangoni: kundi la vimeng'enya vinavyoingiza mafuta ya sukari kwenye tanuri huzimwa kwa fosfati. Lakini mnyororo wenyewe, saitokromu zenyewe, zilihesabiwa kuwa hazihusiki. Mtu anaweza kuelewa kwa nini. Saitokromu c ni protini ndogo, yenye asidi amino 104 kwa mamalia, ya kale kiasi kwamba ya kwetu na ya hamira zinafanana waziwazi. Ilikwishasafishwa, ikapimwa, ikauzwa kwa chupa kwa maabara za dunia nzima. Nani angeenda kutafuta barua ndani ya msumari?

Aliyeng'ang'ana alikuwa Bernhard Kadenbach wa Marburg, Ujerumani. Shida yake ilikuwa ya hesabu. Kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo, saitokromu oksidesi, kwa mamalia kilionekana kuwa na vipande 13. Vitatu vikubwa, ambavyo ndivyo vinavyofanya kazi, vinatokana na jeni za mitokondria yenyewe. Bakteria hufanya kazi hiyo hiyo kwa vipande vichache tu. Sasa vile kumi vya ziada, vinavyotokana na jeni za kiini cha seli, vinafanya nini? Wengi walisema ni viegemezi. Kadenbach alisema ni masikio. Alionyesha kwamba baadhi ya vipande hivyo vina sura moja ndani ya moyo na nyingine ndani ya ini, na kwamba ATP yenyewe hushika kwenye mojawapo ya vipande hivyo na kukipunguza kasi kimeng'enya: ghala likijaa, mlango wa oksijeni unabanwa. Mwaka 1996 kundi la Shinya Yoshikawa huko Japani lilipotoa picha kamili ya oksidesi ya moyo wa ng'ombe kwa miale ya eksirei, vipande vyote 13 vilionekana, kila kimoja mahali pake.

Jeni hizo za makao mawili zinaleta shida ambayo watu wa mirathi wataielewa: mali iko kwa baba, sehemu iko kwa mama, na lazima zikutane. DNA ya mitokondria ya binadamu, iliyosomwa yote huko Cambridge mwaka 1981, ina herufi 16,569 na inatoa protini 13 tu. Nyingine zote za upumuaji, karibu sabini, hutoka kwenye kiini. Kama kiini kikitengeneza sehemu zake na mitokondria haitengenezi zake, hakuna mashine. Richard Scarpulla wa Chicago alianza na swali dogo sana: nini kinachoiwasha jeni ya saitokromu c ya panya? Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amekipata kitambuzi kinachoshika kwenye jeni hiyo, kisha akakikuta kwenye jeni nyingi nyingine za mnyororo. Mwaka 1998 maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston ikampata msimamizi aliye juu yake, PGC-1α. Waliwaweka panya kwenye baridi, na ndani ya mafuta yao ya kahawia, yanayotengeneza joto, protini hiyo ikapanda. Baridi kwenye ngozi, habari kwenye ubongo, mshipa wa fahamu, AMP ya mviringo, PGC-1α, mitokondria mpya. Mazoezi ya mwili nayo hupitia njia inayofanana na hiyo. Hii ni amri ya polepole, ya kujenga kiwanda kingine. Na kuna ya kubadilisha kipuri: mwaka 2007 kundi la Gregg Semenza, ambaye baadaye alishiriki Nobel ya mwaka 2019, lilionyesha kwamba seli inapopungukiwa na oksijeni hukivunja kipande kimoja cha oksidesi na kuweka ndugu yake anayeifaa zaidi hewa haba. Wale waliosema vipande vile ni viegemezi walipaswa kufikiri upya.

Nimeuacha mwaka 1996 kwa makusudi, kwa sababu mwaka huo ulitokea mshtuko ambao hakuna mtu wa upumuaji aliyeutazamia. Xiaodong Wang, kijana aliyekuwa ameanzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, hakuwa akichunguza pumzi. Alichunguza kifo. Seli za wanyama zina utaratibu wa kujiua: zikiharibika au zikiwa hazihitajiki tena, hujikatakata kwa mpangilio na kuliwa na jirani zake. Bila hivyo vidole vyetu vingebaki vimeungana tumboni mwa mama. Wang alitaka kujua nani anatoa ishara. Akachukua utomvu wa seli za HeLa, zile zilizotolewa Baltimore mwaka 1951 kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi ambaye hakuombwa ruhusa na ambaye familia yake ilikaa miaka mingi bila kujua kuwa seli zake zinazunguka dunia. Alipotia ndani yake kemikali moja ya familia ya ATP, utomvu ulianza kutekeleza kifo ndani ya chupa. Akaugawanya utomvu huo hatua kwa hatua ili ampate mhusika.

Mhusika mmoja alikuwa protini ndogo, na yenye rangi. Wakaipima kwa mwanga. Mistari ikatokea karibu na nanomita 550 na 520, mahali ambapo jicho la MacMunn liliiona darini kwake na jicho la Keilin kwenye chupa ya hamira. Ilikuwa saitokromu c.

Wengi hawakuamini. Protini inayobeba elektroni kwa ajili ya uhai, iliyoandikwa kwenye kila kitabu cha kidato, ingewezaje kuwa mpeleka habari za mauti? Lakini ilithibitika: ikiwa ndani ya mitokondria inabeba elektroni; ikivuja na kutoka nje, inashikana na protini nyingine, Apaf-1, na pamoja huwasha visu vya seli. Hapo ule "msumari" ukageuka kuwa kitu ambacho seli haiwezi kukiacha bila ulinzi. Ikiwa protini moja inashika pumzi na kifo, basi lazima kuwe na wa kuisemesha.

Maik Hüttemann alikuwa mwanafunzi wa Kadenbach huko Marburg kabla ya kwenda Detroit, katika Chuo Kikuu cha Wayne State. Swali lake lilikuwa la jikoni zaidi kuliko la nadharia: je, namna tunavyoitoa protini kwenye nyama ndiyo inayoondoa maandishi yake? Nyama ikikatwa, vimeng'enya vinavyobandua fosfati huendelea na kazi. Asidi zinazotumika kusafisha saitokromu c huwapa muda wa kutosha. Miaka yote ile, protini iliyouzwa kwenye chupa ilikuwa barua iliyofuliwa pamoja na shati. Yeye na wenzake wakachukua moyo wa ng'ombe, safari hii wakiwa wametia dawa za kuwazuia wabanduaji tangu mwanzo. Mwaka 2006 walitangaza kwamba saitokromu c ya moyo ina fosfati kwenye tairosini ya 97. Mwaka 2008, ya ini: fosfati ipo pia, lakini kwenye tairosini ya 48. Baadaye figo, kwenye threonini ya 28, ikibandikwa na AMPK, yule mlinzi anayeamka nishati inapopungua. Ubongo, kwenye serini ya 47, kwa mkono wa Akt, mtumishi wa insulini na wa homoni za ukuaji. Protini moja, jeni moja, lakini kila kiungo na muhuri wake.

MacMunn angecheka, nadhani, au pengine asicheke. Aliambiwa kwamba alichokiona ni uharibifu uliotokana na kuishika nyama. Hapa uharibifu uliotokana na kuishika nyama ndio uliokifanya kitu halisi kisionekane.

Nao muhuri huo unafanya nini? Jibu linashangaza mtu aliyezoea kufikiri kwamba fosfati huwasha. Karibu kote hupunguza. Saitokromu c yenye fosfati hupitisha elektroni kwa mwendo wa chini kidogo, na hata ikivuja nje, mingi ya mihuri hiyo huifanya isiwe hodari wa kuwasha visu. Oksidesi nayo, kwenye ini la ng'ombe, ikipokea ishara ya AMP ya mviringo, hubandikwa fosfati kwenye tairosini na kushuka kasi; hilo lilionekana mwaka 2005. Kwa hiyo mitokondria ya mwili wenye afya haikimbii kwa uwezo wake wote. Imeshikwa hatamu. Sababu iko kwenye tangi la Mitchell: protoni zikisukumwa kupita kiasi, umeme wa utando unapanda mno, elektroni hazipati pa kwenda upesi, zinaruka pembeni na kuiunguza oksijeni nusu nusu, zikitoa chembe kali zinazokwaruza kila zilichokigusa. Upumuaji wa wastani hutoa ATP ya kutosha bila moshi huo.

Sasa fikiria kiharusi, au moyo uliosimama kwa dakika kadhaa. Damu haifiki. Oksijeni inaisha, ATP inaporomoka, kinasi hazina cha kubandika, wabanduaji wanaendelea. Kundi hilo la Detroit lilionyesha kwamba fosfati ya serini ya 47 kwenye ubongo wa wanyama wa maabara hupotea katika hali hiyo. Hatamu zimekatika, ila kwa wakati huo haionekani, kwa kuwa hakuna hewa ya kukimbilia. Kisha madaktari wanafanya kile wanachopaswa kukifanya: wanazibua mshipa, wanaurudisha mdundo. Oksijeni inarudi kwa mkupuo na kuukuta mnyororo hauna wa kuuzuia. Elektroni zinakimbia, umeme wa utando unapanda, moshi unatoka, mitokondria inapasuka, saitokromu c inavuja, na haina fosfati ya kuituliza. Sehemu ya seli zinazokufa baada ya kiharusi hufa kwa namna hii, damu ikiwa imekwisharudi. Yeyote aliyekaa kwenye benchi la hospitali akaambiwa kwamba mgonjwa "amerudi", kisha akamwona akififia siku mbili baadaye, anajua kwamba kurudi na kupona ni mambo mawili.

Dawa ya kuzibandika upya fosfati hizo kwa wakati haijapatikana. Dirisha ni la dakika chache, na dawa lazima isafiri kwa damu ile ile iliyokuwa imeziba. Watafiti wa Detroit wakageukia mwanga. Oksidesi, kwa kuwa ina rangi, hunywa mwanga, hata ule mwekundu wa mbali ambao jicho halioni na ambao hupenya ngozi na mfupa. Mawimbi mengine ya mwanga huo huiharakisha. Waliyoyatafuta ni yale yanayoipunguza, na waliyapata kwenye nanomita 750 na 950. Mwaka 2018 walichapisha matokeo: panya ambao damu ya ubongo wao ilizuiwa kisha ikarudishwa, wakamulikwa kichwani kwa mawimbi hayo tangu damu iliporudi, walibaki na seli nyingi zaidi za ubongo kuliko wale ambao hawakumulikwa. Fuvu la panya ni jembamba. La binadamu si jembamba, na sasa kazi iliyopo ni kuona kama mwanga huo utalipita.